Maji Yaliyokuwa Yakipotea Mazeras

Tulimzika Mzee Nzai kwao Rabai mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaanza kukatika. Nilisimama upande wa akina mama, magoti yakiniuma kwa ajili ya miaka yote niliyoipitisha chini ya magari, nikamsikia mchungaji akisema kwamba marehemu aliendesha trela karibu maisha yake yote ya utu uzima, na mwisho akafia kitandani mwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Watu wakaitikia amina, kama watu wanavyoitikia jambo la kawaida. Madereva wengi wa njia ile ya bara niliowajua hawakuipata nafasi ya kufia kitandani, na ulikuwapo mwaka ambao hata yeye nusura asiipate. Baada ya maziko tuliketi kwenye viti vya plastiki, tukapakuliwa wali na nyama, na aliyeketi kando yangu alikuwa Kimani, ambaye sasa ana tumbo, ana wajukuu, na ana gereji yake mwenyewe huko Miritini. Alikula kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado nayakumbuka yale mapovu. Nikamwambia nayakumbuka. Tukacheka mahali pasipo pa kuchekea, na bibi mmoja akatugeukia, tukainamisha vichwa tukaendelea kula. Njia nzima ya kurudi Kisauni sikuwaza jambo lingine ila mwaka ule.

Wakati huo chumba chetu kilikuwa Magogoni, katika nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye kisima ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi hata sabuni ikakataa kutoa povu. Nilikaa na Akinyi, binti wa Kisumu aliyekuwa akishona katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa mifuko ya nyuma ya suruali, na mifuko hiyo tu. Suruali nzima hakuwahi kuishona. Tulikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini, tukipokezana wiki kwa wiki, na jiko la mafuta ya taa ambalo lilipika vizuri ukilipuuza na kuzimika ukilitazama. Dirisha letu lilielekea ukuta wa jirani, na ng'ambo ya ukuta huo mume na mke walibishana kila jioni juu ya jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Mume alitaka mtoto aitwe jina la baba yake. Mke alisema jina hilo halifai hata kuitiwa mbuzi. Tulikula sima na mchicha wa nazi tukisikiliza, na Akinyi akiegemea upande wa mke kila siku, kama vile wametuomba ushauri.

Katika mlo mmoja kama huo ndipo Akinyi aliponiletea habari ya kiwanda. Alikuwa amezungumza na msimamizi wake, na msimamizi amekubali kuniwekea mashine watakapoanza safu mpya ya mafundi mwisho wa mwaka. Alinieleza kwa upole, akichagua maneno, kwamba kiwandani mtu hukaa kwenye kiti, hufanya kazi kivulini, na akirudi nyumbani nguo zake hazinuki dizeli. Sikumkatalia. Nilikuwa nimesomea ufundi wa magari makubwa na cheti nilikuwa nacho, na katika gereji zote nilizobisha hodi ni moja tu iliyonipokea. Hata huko, dereva mgeni akiingia aliniuliza mimi fundi yuko wapi. Hilo nililizoea. Kilichonisumbua ni kingine: tangu nianze kazi sikuwa nimetengeneza kitu chochote peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Nilifungua bolti niliyoambiwa nifungue na kukaza niliyoambiwa nikaze. Sikujua kama mimi ni fundi, au ni mikono tu ambayo mafundi wengine wameiazima. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliona kwamba mtu akiendelea hivyo kwa muda mrefu, jibu hujipa lenyewe.

Gereji ilikuwa Changamwe, nyuma ya yadi ya makontena, uwanja wa udongo ulioshiba mafuta hata mvua ikinyesha maji yalisimama juu yake kama juu ya sahani. Mwenyewe alikuwa Fundi Mwinyi, mtu wa Mji wa Kale, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa safi siku zote, nasi hatukuelewa iliwezaje kubaki safi mahali pale. Alikunywa kahawa chungu asubuhi hadi jioni na hakupenda kelele. Ukimletea tatizo alikuuliza umeona nini. Ukimwambia unachofikiri, alikuuliza tena, polepole, umeona nini. Kimani alikuwa fundi wake mkubwa, kijana aliyekuja kutoka Nakuru, mwepesi wa mkono na mwepesi wa maneno, na hodari kweli. Nilijifunza mengi kwa kumtazama tu. Hakunionea, ila alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hana muda wa kumpa mwenzake spana.

Trela aliyokuwa akiiendesha Mzee Nzai ililetwa kwetu mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa imechakaa bodi lakini injini ilinguruma vizuri, na ilibeba makontena kutoka bandarini kwenda Malaba. Malalamiko yalikuwa mepesi kuyasema: gari linapoteza maji. Wasomaji ambao hawajawahi kulala chini ya gari niwaeleze kidogo. Injini ya trela hupozwa na maji yaliyochanganywa na dawa, tunayaita kulanti, nayo ya gari hilo ilikuwa ya kijani. Huzunguka ndani ya injini, yakabeba joto, yakalipeleka kwenye rejeta kule mbele, yakarudi. Yakipungua, injini huchemka, na ikichemka sana hufa. Mzee Nzai alikuwa akijaza rejeta asubuhi Changamwe, akipanda kilima cha Mazeras mshale wa joto umeshafika kwenye nyekundu. Akisimama na kuchungulia chini ya gari haoni hata tone. Gereji nyingine ilikuwa imeshafungua hedi, yaani kichwa cha injini, ikabadilisha gasketi yake, ile karatasi ya chuma inayozuia moto na maji visikutane, na kabla mwezi haujaisha mambo yakarudi yale yale.

Alipokuja kwetu mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwikoni. Ilikuwa imemtokea kule juu Mazeras, adhuhuri, gari limechemka katikati ya barabara, nyuma yake msururu wa malori yanapiga honi. Akakosa subira, akafungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, na mvuke ukamchuna ngozi. Alitueleza hayo bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza alivyokanyaga mwiba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza kama kuna mahali pa kuweka mkeka, kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma na alikuwa hajalala.

Mwezi ule na miezi iliyofuata gari lilikwenda na kurudi. Tulibadilisha mipira ya maji iliyoonekana imechoka. Tuliikagua pampu ya maji. Tulifungua hita ya ndani, ambayo hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kuiwasha, tukitumaini kwamba maji yanavujia chini ya zulia. Palikuwa pakavu. Tuliweka pampu ya mkono kwenye rejeta na kuijaza presha gari likiwa limepoa, na presha ikasimama pale pale tulipoiacha, haikushuka. Oili tuliivuta ikatoka safi, bila ule weupe wa maji. Kila mara Mzee Nzai aliondoka na matumaini, na kila mara alirudi na madumu matupu yakigongana nyuma ya kiti chake.

Kisha akaja mwenye gari, Bi Zuhura, mama mfanyabiashara wa Bamburi, mtu wa heshima ambaye hakuwahi kutupazia sauti. Alikalia kreti ya soda na kukataa kahawa. Alisema ameambiwa na watu kwamba kosa ni la dereva, kwamba mzee haangalii maji na hukanyaga gari mlimani bila huruma. Alisema atavumilia hadi mwisho wa mwaka, baada ya hapo gari litauzwa kama vyuma chakavu, na mzee atafute pengine. Mzee Nzai mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, anasikia, anatazama kiatu chake. Fundi Mwinyi akamwambia Bi Zuhura kwamba anamjua mzee huyu na si mtu wa kubahatisha.

"Mimi sina nia mbaya naye," Bi Zuhura akasema. "Lakini gari linakunywa maji na halionyeshi linakoyapeleka. Nimwamini nani?"

Nimesikia makaripio mengi tangu siku hiyo, mengine ya matusi, na hakuna lililonikaa moyoni kama swali lile lililoulizwa kwa upole. Ndani ya ule uwanja hakuna aliyeweza kumwambia mwanamke yule maji yake yanakwenda wapi. Mzee Nzai, kwa umri wake na kwa jina la dereva aliyeua injini, angeajiriwa na nani? Tangu asubuhi hiyo gari lile sikuliona tena kama gari la wateja.

Kimani alikuwa na jibu lake. Asubuhi moja alifungua rejeta, akaijaza hadi mdomoni, akawasha injini ikiwa baridi, na mapovu yakaanza kupanda, madogo madogo, mfululizo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Akamwita Fundi Mwinyi. Akasema ni gasketi ya hedi, moto wa injini unapenya kwenye maji na kuyasukuma nje, na kwamba wale wa kwanza walifanya kazi mbaya. Tufungue tena. Kwa kweli ilikuwa hoja nzuri, na fundi yeyote angeikubali. Lakini mchana wa siku hiyo hiyo, baada ya gari kuhamishwa upande wa pili wa uwanja, nilitaka kuyaona mapovu kwa utulivu wangu. Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikachungulia kwenye rejeta nikaona maji yametulia kama ya kwenye beseni. Nikangoja. Hapakuwa na povu hata moja.

Nilipomwambia Kimani alidhani sikutazama vizuri. Nikamwambia nimetazama hadi shingo imeuma. Akasema, "Sidi, mapovu nimeyaona na hizi macho zangu. Hii ni hedi, hakuna story mingi." Nami nikasema hata mimi nina macho. Tukawa tunabishana pale mbele ya gari, sauti zinapanda, hadi Fundi Mwinyi alipoweka kikombe chake chini.

"Kimani ameyaona, Sidi hakuyaona," akasema. "Na nyote wawili si waongo. Basi kuna jambo liko kati yenu hamjalitia matoni, hamjaliona." Akatugeukia kwa zamu. "Hedi haifunguliwi mpaka mniambie mapovu haya huja lini na huondoka lini. Ndoo hapa, Sidi, sogea. Gari hili ni lako. Kimani atakusaidia."

Nilitazamia Kimani akasirike. Alifuta mikono, akaniuliza tunaanza wapi. Nikiwa mtu mzima sasa, ambaye nimewahi kuwapa vijana kazi na kuona jinsi wakubwa wao wanavyonuna, naelewa kwamba swali lile halikuwa dogo. Wakati huo nililichukua kama haki yangu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za taabu. Niliyaona mapovu siku moja, siku nyingine sikuyaona, na sikupata mpango wowote. Nilidhani ni joto, nikajaribu gari baridi na gari moto. Nilidhani ni mteremko wa uwanja, tukaliegesha kichwa chini, kisha kichwa juu. Nyumbani nilikula bila kujua nakula nini, na Akinyi akaniambia nimeanza kuzungumza usingizini, na ninachosema ni maneno ya magari. Alikuwa ameshaniletea habari kwamba safu mpya itaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na msimamizi anataka jibu. Nikamwambia nitampa. Ng'ambo ya ukuta mtoto alikuwa ameshazaliwa na bado hana jina.

Mlango wa fumbo hilo ulifunguka wakati wa chakula cha mchana. Karibu na gereji palikuwa na kibanda cha mama mmoja wa Kaloleni aliyepika mbaazi za nazi kwa namna ambayo sijawahi kuipata tena, na wali wake ulikuwa na ukoko aliowawekea wateja wake wa siku zote. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ndani, na nyuma yangu, upande wa nje wa ukuta wa mabati, Mzee Nzai alikuwa anakula na dereva mwenzake. Wanazungumza mambo ya barabara. Mwenzake akamwuliza breki zake siku hizi zikoje, kwa kuwa alimwona akishuka Mazeras kwa gia ndogo mno, kama gari la maiti. Mzee Nzai akajibu kwamba breki ziko, ila zina tabia.

"Nikikanyaga," akasema, "gari lafikiri kwanza. Ndipo lashika."

Wakacheka. Kisha akaendelea kusema kwamba kila asubuhi akifungua matangi ya hewa ya breki ili kuyatoa maji, anayoyatoa ni mengi, na ukiyashika yanateleza kama ya sabuni. Yule mwenzake akamwambia asijali, unyevu wa Mombasa huingia kwenye matangi ya kila trela, hata lake linatema maji. Nami kijiko changu kilikuwa kimesimama mdomoni. Unyevu wa hewa ni maji matupu, hauwezi kuteleza. Nikainuka nikatoka nje na sahani mkononi, nikamwomba radhi kwa kusikiliza maneno yake, nikamwuliza maji hayo yana rangi gani. Alifikiri. Akasema hajawahi kuyatazama sana, kwa kuwa huyafungulia mchangani alfajiri, lakini mara moja yalimrukia soksi nyeupe, na soksi ikabaki na doa la kijani.

Twende tukatazame, nikamwambia. Nikaingia chini ya gari na kuvuta kamba ya tangi la kwanza. Hewa ilitoka kwa kishindo, ikafuatwa na maji, nikayakinga kwa kiganja. Yalikuwa ya kijani na yalinuka utamu ule wa kulanti ambao kila fundi anaujua. Nikabaki nimelala pale chini, kiganja kimejaa, na kilichonijia kwanza kilikuwa woga. Furaha ilikuja baadaye. Mwaka mzima tulikuwa tunamwogopea mzee asije akaua injini, na kumbe maji yalikuwa yanaingia kwenye breki zake, na yeye anashuka Mazeras na kontena mgongoni.

Hapo tena kila kitu kilijipanga. Breki za trela hufanya kazi kwa hewa, na hewa hiyo hutengenezwa na kompresa, pampu ndogo iliyoshikamana na ubavu wa injini. Kompresa nayo hupata moto, kwa hiyo maji ya injini hupitishwa kichwani mwake kuipoza. Ikiwa kichwa hicho kimepasuka, kompresa inapopiga hewa, hewa hupenya kwenye maji na kuyasukuma nje ya rejeta, na ikipumzika, maji hupenya kwenye hewa na kwenda kwenye matangi. Tena haipigi hewa wakati wote. Matangi yakijaa hupumzika, hadi dereva atumie breki. Asubuhi Kimani alipowasha gari matangi yalikuwa matupu. Mchana nilipochungulia mimi yalikuwa yamejaa. Sote wawili tulikuwa na macho mazima.

Sikutaka kusema hadi nionyeshe. Nilimwomba Mzee Nzai apande garini na asiwashe kwanza, nikafungua matangi yote hadi yakaisha hewa. Nikamweka Kimani juu ya bampa ya mbele, uso wake kwenye mdomo wa rejeta, na Fundi Mwinyi akaja na kikombe chake. Injini ikawaka. Kimani akasema mapovu yapo. Nikamwambia asiondoe macho. Mzee Nzai akawa anatusomea geji ya hewa kwa sauti, ikipanda taratibu, na Kimani kila mara akisema bado yapo, bado yapo. Kisha ile valvu ya pembeni ikapumua, pshii, kama inavyopumua matangi yakishajaa. Kimani akasogeza uso karibu zaidi na maji.

"Yamekatika," akasema.

Nikamwambia Mzee Nzai akanyage breki, aachie, akanyage, aachie, hadi mshale ushuke. Akakanyaga. Hewa ikaisha kidogo kidogo, kompresa ikaanza kazi tena, na Kimani akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba yamerudi. Tulirudia mara kadhaa, ingawa hapakuwa na haja, kwa utamu wa kuona kitu kinatii. Fundi Mwinyi akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza, na mara hii nilikuwa na la kueleza. Akatikisa kichwa kukubali, akasema kompresa ifunguliwe, na gari lisitoke uwanjani kwa hali yoyote.

Niliifungua mwenyewe. Bolti moja iligoma ikanichukua mchana mzima, na niliiloweka mafuta na kuibembeleza kwa sababu ingekatika ndani ningekuwa nimejiongezea msiba. Kichwa cha kompresa kilipotoka nilikisafisha kwa dizeli na mswaki, nikakitazama juani. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, kati ya tundu la maji na tundu la hewa. Gari likiwa baridi ufa hujibana, na presha ndogo ya pampu yetu ya mkono haikuweza kuupenya kama ile hewa kali ya kompresa. Bi Zuhura aliletwa akauona. Aliupitisha ukucha wake juu, akauliza kama kitu hicho ndicho kilichotaka kumtenganisha na mzee wake. Kisha akamgeukia Mzee Nzai akamwomba msamaha mbele yetu wote, kwa Kiswahili kizuri na bila kuzunguka, na mzee akamwambia yaishe.

Kompresa nyingine ilipatikana, nikaifunga na kuikaza. Breki zilikuwa kazi kubwa zaidi, kwa kuwa kulanti ilikuwa imekwenda mbali na kuivimbisha mipira ndani ya valvu. Kimani alilala chini ya gari lile akafungua mstari mzima wa hewa, kipande kwa kipande, akaosha, akabadilisha kila mpira uliovimba. Nilipomwambia apumzike alisema yeye ndiye aliyetaka tufungue hedi na kulirudisha gari hili barabarani na breki zile zile, na kwamba hatalala vizuri hadi amalize. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumamosi, na gari lilipakiwa kontena lenye mzigo kamili, kwa sababu gari tupu halisemi kweli mlimani. Nilipanda kiti cha kushoto. Tulipita Miritini, barabara ikaanza kuinuka, na sikutazama mashamba wala watu. Nilitazama mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati na kukaa. Katika kilima cha Mazeras injini ikalemewa, Mzee Nzai akashusha gia, malori mengine yakatupita yakipiga honi, na mshale ukatikisika kidogo, ukarudi katikati. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee juu ya kovu la mkono ule uliochunwa na mvuke. Juu kabisa alisimama pale pale alipoungulia, akazima injini, tukangoja ipoe kwa ustaarabu, safari hii bila haraka ya mtu yeyote. Alipofungua kifuniko maji yalikuwa mdomoni. Akayatazama kwa muda mrefu mno kwa mtu anayetazama maji.

Kisha tukageuza. Nilijua kwamba mteremko ndio mtihani wangu. Nilikuwa ndani ya gari nililolitengeneza, na nyuma yetu mzigo unasukuma. Kwenye kona ya kwanza lori la mchanga likatuingilia mbele bila kuangalia. Mzee Nzai akakanyaga, na gari likashika papo hapo, sawasawa, kichwa na trela pamoja, nami nikatupwa mbele mkanda ukanizuia. Lori la mchanga likajiendea zake. Mzee akavuta pumzi.

"Sasa halifikiri," akasema.

Akaendelea kuendesha. Namkumbuka hivyo, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, na nilipokuwa nimesimama kule Rabai mchungaji akisema kwamba alifia kitandani, sura niliyokuwa naiona ilikuwa hiyo.

Nilirudi Magogoni jioni ile nikiwa mchafu kuliko siku zote. Akinyi alikuwa amepiga magoti sakafuni, blanketi limekunjwa chini kama meza, anapiga pasi. Alikuwa ameazima pasi ya makaa kwa jirani, na blauzi nyeupe, yake mwenyewe, ile nzuri, ilikuwa imeshaning'inizwa kwenye msumari mlangoni. Alikuwa amenitayarishia ya kuvaa kiwandani Jumatatu. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda na kumsimulia yote: soksi ya kijani, ufa, lori la mchanga. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali, na nilipofika mwisho nikamwambia kwamba Jumatatu nitakwenda Changamwe. Nilimwomba amshukuru msimamizi kwa niaba yangu na anisamehe kwa kumchelewesha.

Ng'ambo ya ukuta mtoto alilia, akaitwa jina ambalo hatukuwahi kulisikia katika ule ubishi wote, si la baba wala la upande wa mama. Akinyi akainuka, akaiondoa blauzi kwenye msumari, akaikunja polepole, akairudisha sandukuni mwake. Nilidhani amekasirika. Akapuliza makaa ndani ya pasi, akajaribu chuma kwa kidole kilicholowa mate, kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Lete ovaroli ile nyingine, uliyofua," akasema. "Pasi bado ina moto."